Kabla ya kuilaumu Linux, izime Windows kikwelikweli

Kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwangu hapa Ngamiani, Tanga, ni za mtumba, na wenyewe hawataki kuiacha Windows iliyokuja nazo. Wanaweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, pembeni, mashine inawaka kwa mifumo miwili, mambo safi. Baada ya siku chache: "Fundi, mafaili yangu ya Windows nayaona, lakini kusevu kitu humo inagoma."

Inagoma kwa sababu Windows haikuzimwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa, ila kiini cha mfumo kinalazwa ndani ya faili la hiberfil.sys kwenye diski C, ili kesho mashine iwake upesi. Ukiingia Linux, inakuta ile patisheni (kipande cha diski) ya NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows, bado ina mwenyewe. Basi inakataa kuifungua, au inaifungua kwa kusoma tu. Na inafanya vizuri: ingeandika humo, halafu Windows iamke na kumbukumbu za jana, mafaili yangevurugika.

Ukitafuta mtandaoni utapewa amri yenye neno remove_hiberfile. Inafanya kazi, sikatai. Lakini inalifuta lile faili, na kama Windows ililazwa kazi zikiwa wazi, chochote ambacho hakikusevuliwa ndiyo basi tena. Nina wateja wanaohariri video za harusi. Hao nawakataza kabisa kuigusa.

Njia ya salama ni kurudi Windows, kwenda Power Options ndani ya Control Panel, na kuondoa tiki kwenye Fast Startup. Ukiwa na haraka, usibonyeze Shut down, bonyeza Restart kisha uchague Ubuntu. Wengi hawaamini nikiwaambia, lakini Restart huifunga Windows yote, Shut down ndiyo inayoilaza.

Kama mashine ina BitLocker, kufuli la Windows linalofumba diski nzima, Linux itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi kabla hujaanza kugawa diski.

Kutoka Windows kwenda Linux ndiko kwenye kazi. Windows yenyewe haisomi ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na mara nyingine hukuletea kidirisha kinachokuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Bonyeza Cancel! Humo ndimo Ubuntu yako ilimo, na kazi zako zote. Ukihitaji faili moja mbili, programu ya Windows iitwayo Linux Reader ya DiskInternals inasoma na kunakili bila kuandika chochote, na kwa kuwa haiandiki, naiamini. Wapo wanaosifia wsl --mount, amri ya Windows ya kufungulia diski za Linux, ila hiyo haikubali diski ileile iliyobeba Windows, na kompyuta zetu hizi nyingi zina diski moja tu.

Mimi huwatengea wateja patisheni ya tatu, ya vitu vya pamoja: picha, video, nyaraka. Kila mfumo unabaki na vyake, na vya kushirikiana vinakaa humo. Mpangilio wa FAT32 hapana, kwa sababu haipokei faili linalofika GB 4, na video ya harusi moja ya Tanga, pamoja na ngoma zake, inapita hapo mapema. exFAT inasomeka pande zote, lakini haina jono, yaani daftari la ndani la kuikumbusha ilikuwa inaandika nini. Kwa mashine ya mtumba ambayo betri imekufa na umeme unakatika bila hodi, nachagua NTFS, yenye jono. Na majina ya mafaili yaangalie: Linux inakubali nukta mbili na alama ya kuuliza, Windows haikubali. Faili uliloliita "Kikao 4:30" litakusumbua ukivuka.

Halafu kuna saa kukosea, na watu hudhani ni betri ndogo ya ubao imekufa. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukitoka Ubuntu saa nne asubuhi, Windows inakwambia ni saa moja, na mafaili uliyosevu yanaonekana ya zamani kuliko yalivyo. Fungua Ubuntu, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha ukiingia Windows irekebishe saa mara moja.