Kuku 10 uani Kimara: anza na hesabu ya chakula

Dada, umeuliza uanzeje na kuku 10 wa mayai kwenye ua wako mdogo hapo Kimara, na pesa itaishia wapi zaidi. Itaishia kwenye chakula. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku. Kumi ni kilo 1.2, yaani mfuko wa kilo 50 unakutoka kwa siku 40 hivi. Kifaranga wa siku moja bei yake ni nafuu, lakini utamlisha wiki 18 hadi 20 hujaona yai. Kwa kuanza, mimi ningenunua mitetea iliyokaribia kutaga. Jogoo humhitaji, mayai ya kula yatatagwa tu.

Banda lipate upepo, tafadhali. Tofali chache chini, juu wavu, sakafuni maranda makavu. Mwaka wangu wa kwanza nililizungushia mabati pande zote nikihofia wezi. Mchana mmoja wa joto kali wa Januari nikawakuta kuku wameachama midomo, mabawa wameyatanua, wawili wameshakufa. Iliniuma sana. Siku ileile nilibandua mabati ya pande mbili nikaweka wavu.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle, unaoua kuku wengi kwa mpigo) usiiruke hata mara moja. Ile ya matone, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakiwekwi, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani mchangiane. Kibebe kwenye barafu toka dukani.