Ploti iliyopakana na Karura: kibali hutoka kaunti

Mtu akitaka kujenga fleti kwenye ploti iliyopakana na msitu wa Karura, Nairobi, je, kibali hutolewa na KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya? Hapana, siyo KFS. Kama ploti ni ya mtu binafsi na iko nje ya mpaka wa msitu, kibali cha kujenga fleti hutolewa na serikali ya kaunti ya Nairobi chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, halafu leseni ya mazingira hutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ndani ya mpaka ni habari nyingine kabisa: kifungu cha 34 cha sheria ya misitu ya 2016 kinataka ombi lipelekwe bungeni kabla mpaka haujaguswa. Nilizisoma sheria hizi tulipopinga ghorofa mtaani kwetu.

Kinachoponza wakazi ni siku. Rufaa dhidi ya uamuzi wa kaunti ni ndani ya siku 14, na dhidi ya leseni ya NEMA, siku 60. Tafadhali msingoje matingatinga.

Ila kagueni kwanza ramani ya upimaji. Vipande vya Karura viliwahi kugawiwa watu binafsi miaka ya 1990, ndivyo mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alivyopigania hadi akajeruhiwa Januari 1999, kwa hiyo hatimiliki pekee haitoshi kuonyesha kwamba ploti iko nje ya msitu.