Umeacha sindano? Usianze kuhesabu siku

Mtoa mada, hiyo programu ya kuhesabu siku uliyoipakua ifute leo. Maswali yako mengine, la kitambi, la kichwa kuuma na la kama mumeo ana haki ya kujua, nitayafikia siku nyingine. Ila kuna sehemu imenitoa jasho: tarehe ya kurudia sindano ya uzazi wa mpango ilipita miezi miwili iliyopita, hukurudi, wiki iliyopita ukaona matone ya damu siku mbili, ukayaingiza kwenye simu kama siku ya kwanza ya hedhi, na simu ikakuambia mpaka Ijumaa uko salama. Salama kivipi, mdogo wangu? Hiyo simu imeongea na kizazi chako lini?

Na wadau hapo juu wanakupigia makofi, "hongera kwa kuachana na makemikali". Mimi pia nilipigiwa. Siku ya kulazwa sikumwona hata mmoja.

Tuanze na hayo matone. Sindano ya miezi mitatu, ile ya Depo, inalizuia yai lisitoke na inaufanya ukuta wa mji wa mimba ubaki mwembamba. Ndiyo maana wengi wetu siku zinakatika, na wengine wanapata matone yasiyo na mpangilio wowote. Damu ya namna hiyo haimaanishi yai lilitoka wiki mbili kabla yake. Ni ukuta tu unabanduka kidogo kidogo. Sasa ukiiita siku ya kwanza halafu ukahesabu mpaka kumi na nne, unachohesabu ni nini? Ni sawa na kukaa stendi unasubiri basi la kampuni iliyokwisha funga, na ratiba unayo mkononi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ile dawa haiondoki siku tarehe ya kadi inapofika. Kijiti cha mkononi kikitolewa, homoni zake zinaisha mwilini ndani ya siku chache. Sindano ikishaingia kwenye msuli hakuna wa kuitoa, inaisha kwa wakati wake. Kwa wastani wanawake wanashika mimba kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wengine wanazidi mwaka na nusu. Wengine wanashika mapema sana, mara tu ile miezi mitatu inapoisha. Wewe ni yupi? Hakuna daktari wala bibi wa kukuambia. Na yai la kwanza likirudi linatangulia hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kubeba mimba bila kuona mwezi hata mara moja. Rudia kusoma hapo, maana hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Nilianza sindano baada ya mtoto wa pili, naye kaja kwa upasuaji kama mwenzake wa kwanza. Nikaongezeka uzito, kichwa kikawa kinagonga, siku zikapotea kabisa. Mama mkwe akaanza maswali yake: "Hiyo damu isiyotoka inaenda wapi?" Haiendi popote, kwa sababu haikutengenezwa. Ukuta haukujengeka, basi hakuna cha kumwagika. Lakini wakati ule sikujua, nikaogopa, nikaanza kuwaza mabonge yamejaa tumboni.

Ukishaogopa hivyo, wafanyabiashara wanakunusa. Nikaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la dada mmoja anayejiita mshauri wa uzazi wa asili. Cheti chake sijawahi kukiona. Picha zake akiwa na koti jeupe nimeziona nyingi sana. Anauza unga wa "kusafisha kizazi na kutoa sumu ya majira", yaani dawa za uzazi wa mpango, kopo moja bei ya mfuko wa sembe kilo ishirini na tano, na dozi eti makopo matatu. Somo lake lilikuwa fupi: acha sindano, kunywa unga, ukiona damu yoyote hesabu kutoka hapo, siku ya hatari ni ya 14, epuka ya 13 mpaka ya 15, zinazobaki jiachieni.

Tukajiachia.

Nikaona matone, nikashangilia, uchafu huo unatoka. Nikahesabu. Mume wangu naye akachukua daftari, maana ni mtu wa mahesabu, duka lake halijawahi kupoteza shilingi. Baada ya hapo kimya, hakuna damu. Nikauliza kwenye kundi. "Sumu bado inatoka taratibu, ongeza kopo." Nikaanza kusikia kichefuchefu. "Dawa inafanya kazi." Tumbo likajaa. "Hiyo ni gesi ya kizazi, dada, wengi inawatokea." Nami nikaamini, maana kutoona siku nilishazoea tangu enzi za sindano. Mwanamke mwingine akikosa mwezi mmoja tu anakimbilia kipimo cha mkojo. Mimi sikuwa na mwezi wa kukosa! Hapo ndipo sindano inapomponza aliyeiacha bila kuweka kinga nyingine, kile kengele cha kumshtua hakipo.

Gesi ikaanza kupiga mateke.

Kwenda kupiga picha ya tumbo, mimba imeshavuka nusu. Kliniki inatakiwa uanze kabla ya wiki 12, upimwe damu, presha na mkojo, upewe vidonge vya kuongeza damu. Mimi muda wote huo nilikuwa nakunywa unga wa kusafisha kizazi, na ndani kuna mtu. Kilichokuwemo kwenye lile kopo mpaka leo sikijui, halikuwa hata na lebo ya viambato. Nilikaa miezi iliyobaki nikihesabu vidole vya mtoto usingizini kabla hajazaliwa.

Na mshono je? Watoto wa upasuaji wanatakiwa kupeana nafasi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke yeyote aliyejifungua ni asubiri angalau miezi 24 kabla ya kubeba tena, na sisi tuliochanwa ndiyo kabisa, kovu linahitaji kukaza. Wangu alikuwa bado anatambaa. Daktari aliangalia kadi, akaniangalia usoni, akaangalia tena kadi. Damu yangu ilikuwa chini, nikalazwa, nikaambiwa nisinyanyue hata ndoo. Cherehani nilikuwa nimezikopea VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, zikakaa zimefunikwa kanga, na marejesho hayakujua kama nimelazwa. Wenzangu wa kikundi walinivumilia kadiri walivyoweza, baadaye ikabidi cherehani moja iuzwe. Ile nzuri.

Mtoto tunaye, mzima, mjomba wake humwita Kalenda. Nampenda, msije mkaniletea mahubiri hapa. Na aliyesema juu huko kwamba sindano inaua kizazi aje nimkaribishe chai, kizazi kilichouawa kipo sebuleni kinachora ukutani.

Yule dada wa koti jeupe nilimwandikia kwenye kundi, kistaarabu kabisa, kwamba wenzangu mpime kwanza. Niliondolewa hata tiki za bluu hazijatokea. Nasikia siku hizi anauza pia unga wa kupata mapacha. Biashara imekamilika pande zote.

Sasa kanuni yangu ni moja na nitaimba mpaka mniripoti kwa wasimamizi: KALENDA INAHESABU MIZUNGUKO YAKO ILIYOPITA, NA ALIYETOKA KWENYE SINDANO HANA MIZUNGUKO. Mpaka hedhi irudi, ijirudie, uiandike, katikati hapo ni kondomu au kinga nyingine. Sijasema "mwe waangalifu". Nimesema kondomu. Kuchomoa nako msiniambie, ninazo habari zake.

Na siku ya 14 waliyotufundisha ni ya mwanamke wa kwenye kitabu mwenye mzunguko wa siku 28. Yai huwa linatoka kama wiki mbili kabla ya hedhi INAYOKUJA, kwa hiyo wa siku 26 ni karibu na ya 12, wa 32 ni karibu na ya 18. Yai lenyewe linaishi saa 12 mpaka 24. Tatizo ni mbegu za mwanaume, zinaweza kukaa humo hai mpaka siku 5 zikisubiri. Ndiyo maana kuepuka siku tatu ni kichekesho.

Sipingi njia za asili, msinibandike hilo. Napinga kuzifanya nusunusu. Kalenda yenyewe inataka uandike mizunguko 6 angalau, bila homoni. Unachukua mfupi kuliko yote unatoa 18, mrefu kuliko yote unatoa 11. Mfano mfupi ni 27 na mrefu ni 31: unaepuka kuanzia siku ya 9 mpaka ya 20. Umeona zilivyo nyingi? Zile shanga za kuhesabia siku za mzunguko nazo ni za mwanamke ambaye mizunguko yake inakaa kati ya siku 26 na 32, na anaepuka siku ya 8 mpaka ya 19. Hata hao waliokamilisha masharti, kati ya wanawake 100 wanaozitumia kwa uaminifu mwaka mzima kama 5 wanabeba mimba, na kwa maisha yetu haya ya kusahau na "leo tu" wanafika kama 12. Kama umri huu na hali hii mimba ikija mtacheka tu, endeleeni. Kama ikija itakufungia duka, fikiri.

Njia ya kuangalia ute wa ukeni mimi naiona nzuri zaidi kwa sababu unaangalia mwili wako wa leo badala ya kukisia. Umeona ute leo, au uliuona jana? Basi leo ni hatari. Siku mbili mfululizo pakavu ndipo unapumua. Lakini nayo inataka homoni ziwe zimeisha, maana sindano inaubadilisha huo ute, na fangasi au maambukizi yoyote yanakuvuruga usijue unachokiona ni nini. Kipimajoto cha asubuhi kabla hujatoka kitandani nacho kinasaidia, joto linapanda kidogo baada ya yai kutoka. Ila mwenye mtoto anayeamka saa nane usiku ajiulize mwenyewe joto lake la asubuhi ni la asubuhi ipi.

Na P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya kukutana bila kinga, msiichanganye na kalenda. Ukiimeza inaweza kuleta damu mapema au kuichelewesha, kwa hiyo mwezi huo wote unakuwa wa kutupa kwenye hesabu. Nawajua wanaomeza P2 na kuendelea kuhesabu kama kawaida, halafu wanashangaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilichokuwa nakitaka kilikuwepo zahanati muda wote. Nilikuwa sitaki homoni, basi. Kitanzi cha madini ya shaba, kile kinachowekwa kwenye mji wa mimba, hakina homoni hata chembe, kinakaa miaka 10 na zaidi, na ukikichoka kinatolewa, unarudi kuzaa bila kusubiri dawa iishe. Ndicho ninacho sasa. Miezi ya kwanza hedhi ilikuwa nzito na tumbo likinyonga, sitakudanganya, ikatulia baadaye. Kwenye lile kundi la mamia ya wanawake hakuna aliyekitaja, labda kwa sababu hakiuzwi kwa kopo. Tafuta kituo chenye bango la nyota ya kijani, ile alama ya uzazi wa mpango, uulize.

Kwa upande wako, ya leo ni haya. Kama mmekutana bila kinga ndani ya siku 5 hizi, usisubiri kumaliza kusoma uzi. P2 inafanya kazi vizuri ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapungua nguvu, na hicho kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia vizuri kuliko P2. Kapime mkojo hata kama "haiwezekani", kisha rudia wiki tatu baada ya mara ya mwisho mliyokutana bila kinga, maana cha leo hakiwezi kuona ya juzi. Mwambie nesi ukweli wote, tarehe ya sindano, matone, programu, na kama kuna unga wowote umeshakunywa mpelekee kopo alione. Ukishapima njoo useme hapa, hata kama ni kwa inbox.