Jibu: Mitaro ya maji ya mvua isisubiri kupaua

Mkuu, umeuliza kama mitaro ya maji ya mvua inaweza kusubiri mpaka umalize kupaua. Hapana, tafadhali. Kiwanja chako cha Goba kiko kwenye mteremko. Masika yakikukuta na msingi mtupu, maji yote ya juu yataishia hapo. Kama udongo ni wa mfinyanzi ndiyo hatari zaidi: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na zile nyufa za kwenye kona za madirisha huanzia hapo. Chimba kwanza mtaro upande wa juu. Ukishajaza kifusi, ardhi ishuke walau sentimita 15 ndani ya mita 3 kutoka ukutani. Gata (mifereji ya kukinga maji ya paa) zitafuata, ila maji yake usimwelekezee jirani wa chini.