Maswali ya Jikoni na Uani: sabuni iliyochoma mikono, kapu lililochachusha maharage na mahamri yaliyokunywa mafuta

Barua za safari hii zina ugonjwa mmoja. Karibu kila aliyeharibikiwa alipima kwa kikombe, kwa kiganja au kwa macho. Kwenye mchuzi hilo linasameheka. Kwenye sabuni halisameheki. Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua kwa anayetaka kubana matumizi. Sufuria nzuri itangoja.

Shikamooni. Nilichanganya lita moja ya mafuta ya alizeti na kikombe kimoja cha kostiki soda, kama jirani alivyonielekeza. Sabuni imeganda, lakini inachoma mikono, ina mabaka meupe ndani na ukiikata inatoa majimaji. Nikiianika muda mrefu itapoa? – Mama wa watoto wanne, Morogoro

Marahaba, mama. Haitapoa. Lita moja ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, na mafuta hayo yanahitaji takriban gramu 124 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Kikombe cha robo lita kikijaa kostiki kinabeba zaidi ya gramu 200. Ile iliyozidi haikupata mafuta ya kushikana nayo, imebaki humo ndani ikiwa kostiki vilevile, na ndiyo hayo mabaka na majimaji. Kuanika kunaondoa maji tu. Isiguse mwili wala nguo za mtoto. Vaa glovu uisugulie sakafu ya saruji hadi iishe.

Kosa la pili ni kutumia alizeti peke yake. Hutoa sabuni laini inayoyeyukia kwenye kisahani. Ugumu unatoka kwenye mawese, povu linatoka kwenye nazi. Kwa kilo moja ya mafuta pima hivi, vyote kwa mzani, hata maji:

mawese gramu 600, mafuta ya nazi gramu 400, kostiki soda gramu 150, maji safi gramu 300.

Hesabu hiyo imeacha asilimia 5 hivi ya mafuta bila kugeuka sabuni, kwa makusudi, ili ngozi isikauke. Ukibadilisha mafuta, kiasi cha kostiki nacho kinabadilika: nazi huhitaji gramu 183 kwa kilo moja ya mafuta, mawese 142 tu. Kwa hiyo usichukue kipimo cha mafuta haya ukakipeleka kwenye yale.

Fanyia kazi uani au mahali penye upepo, watoto wakiwa mbali, ukiwa umevaa glovu za mpira na miwani. Mimina kostiki ndani ya maji polepole huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kukurukia usoni. Maji yatapata moto sana yenyewe bila jiko, basi tumia ndoo ya plastiki ngumu, ile yenye pembetatu na namba 5 chini yake. Sufuria ya aluminiamu ni mwiko kabisa: kostiki huitafuna na kutoa gesi inayoshika moto. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Wengi hukimbilia siki. Achana nayo, maji ndiyo dawa, na ikiingia jichoni endelea kuosha, kisha nenda hospitali.

Pasha mafuta yayeyuke, vyote viwili vikibaki na uvuguvugu ndipo umimine maji ya kostiki ndani ya mafuta. Koroga bila kuacha. Kwa mwiko inaweza kuchukua saa nzima, na hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Endelea mpaka iwe kama uji mzito: inua mwiko, kinachodondoka kiache mstari juu badala ya kuzama. Ukimimina kabla ya hapo, mafuta yatapanda juu na kostiki itabaki chini. Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni, funika kwa blanketi, kata baada ya saa 24, panga vipande juu ya chanja kivulini kwa wiki nne. Unga mweupe mwembamba utakaoona juu ya vipande hauna madhara na unafutika. Mabaka yaliyomo ndani ndiyo ya kuogopa.

Ukitaka harufu, tia gramu 10 za mafuta ya mchaichai mwishoni. Mafuta ya karafuu yananukia vizuri lakini hugandisha sabuni ghafla, unaachwa na mwiko umesimama katikati ya ndoo.

Na kostiki si magadi. Magadi ya Natron au ya ziwa Magadi hulainisha maharage, hayawezi kugeuza mafuta kuwa sabuni kwa njia hii. Kostiki iliyoganda mabonge ndani ya mfuko uliofunguka imeshakunywa unyevu wa hewa; uzito upo, nguvu imepungua. Nunua iliyofungwa, ihifadhi kwenye chombo kilichoandikwa jina, juu, asikofika mtoto.

Nimetengeneza kapu la kupikia bila moto kwa kulijaza vitambaa. Niliweka maharage usiku, asubuhi yalikuwa magumu na yananukia uchachu. Niliyachemsha tena tukala. Nimekosea wapi? – Msomaji, Singida

Tuanze na lile la mwisho: chakula kilicholala vuguvugu mpaka kikachacha hakiokolewi kwa kuchemshwa. Baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoharibika kwa moto. Mara nyingine mwaga.

Kapu halipiki. Kapu linatunza moto ulioingia nao. Ukiweka sufuria nusu, au maharage yaliyochemka juu juu, hakuna cha kutunzwa. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kazi, na usiku mzima ni muda mrefu mno. Hesabu saa tatu hadi nne, halafu fungua, rudisha sufuria motoni ichemke, ndipo upakue.

Kapu lenyewe liwe pana kuliko sufuria ili upate unene wa sentimita 10 pande zote na chini. Vitambaa vinafaa, ila visishindiliwe, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati yake. Sufi ni bora kuliko vyote kama una mti wake karibu. Maganda makavu ya mahindi yanafuatia. Juu weka mto mzito wa unene uleule, unaokaa juu ya mfuniko bila kuacha upenyo. Joto jingi linatorokea juu, na makapu mengi tuliyoelezwa kwenye barua yana kuta nene na kipande cha kanga kwa mfuniko.

Maharage nusu kilo: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya yapande vidole viwili juu ya maharage. Yatokote kwa nguvu dakika 20. Hapa usifanye ubahili. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto wa kweli, na kuyapasha bila kuyatokotesha kunaweza hata kuizidisha. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, funga mfuniko, usifunue “kuangalia kidogo”, iingize kapuni mara moja. Maji yapunguze kuliko ulivyozoea, maana hakuna mvuke unaopotea. Nyanya na ndimu zije mwishoni. Uchachu huzuia maharage kulainika. Yakibaki magumu baada ya yote hayo, ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu, na hakuna kapu litakaloyasaidia. Magadi yatayalainisha, ndiyo, ila yanaharibu vitamini B1.

Makande yanataka raundi mbili: chemsha dakika 30, kapuni saa tatu, chemsha tena dakika 10, kapuni saa tatu. Wali ni rahisi: maji kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele, utokote dakika tano, kapuni saa moja. Na hauungui.

Mahamri yangu hayavimbi, na yanakunywa mafuta hadi karatasi inalowa. Mafuta sasa hivi ni ghali jamani! – Msomaji, Mombasa

Dada, yote mawili mara nyingi yana chanzo kimoja: mafuta hayajapata moto. Hamri likiingia kwenye mafuta ya uvuguvugu, ngozi yake haijifungi, linakaa pale likinyonya. Tupia kibonge kidogo cha unga. Kikizama na kukaa, bado. Kikipanda juu baada ya sekunde chache huku kikizungukwa na mapovu, tayari. Usijaze karai, maana kila hamri linaloingia linapoza mafuta.

Unga nusu kilo, sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, iliki nusu kijiko, tui zito mililita 250 hadi 280. Tui liwe la uvuguvugu. Likiwa la moto linaua hamira, na hiyo ni sababu nyingine ya mahamri kulala. Kanda dakika 10 hadi unga uwe laini, uache uumuke mara mbili ya ulivyokuwa. Sukuma unene wa nusu sentimita. Ukisukuma mwembamba kama chapati, hakuna nafasi ya tumbo. Kata, acha vipande vipumzike dakika 20 chini ya kitambaa, na unapovitia kwenye karai vimwagie mafuta ya moto juu kwa upawa. Usinyunyize unga mkavu mwingi unaposukuma: unaanguka chini, unaungua, na mafuta yanakuwa meusi kabla ya siku zake. Yachuje yakipoa.

Huku Njombe baridi imekaza na mtindi haugandi. Nifanyeje? – Baba wa nyumbani

Tumia kapu la hapo juu, kaka. Chemsha maziwa lita moja, yaache yapoe hadi kidole safi kivumilie kuhesabu polepole mpaka kumi, yaani nyuzi 43 hadi 45. Koroga vijiko vitatu vya mtindi usio na sukari wala ladha, mimina kwenye chombo cha mfuniko, kitie kapuni pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Ukitia mbegu maziwa yakiwa ya moto zaidi, umeiua. Ukigandisha kwa mbegu ya mbegu ya mbegu, baada ya mara kadhaa inachoka. Anza na mpya.

Vumbi la makaa linajaa kila gunia nikinunua. Nilitengeneza mipira kwa maji tu, ikavunjika. – Nairobi

Maji hayashikanishi, yakikauka yameondoka. Chekecha vumbi kwanza, chenga kubwa ziponde. Kisha chagua gundi. Udongo wa mfinyanzi, bakuli moja kwa manne ya vumbi, ni wa bure na hufanya mpira udumu motoni, ila moto ni wa pole na majivu ni mengi. Unafaa githeri, haufai chapati. Uji wa muhogo unatoa moto mkali zaidi: gramu 100 za unga zipikwe kwa maji lita moja, zitoshe kilo mbili za vumbi. Finyanga mipira midogo kuliko ngumi, ibane hadi maji yachuruzike, ianike siku nne hadi saba, ya kwanza ikiwa kivulini, maana jua kali la mwanzo huipasua. Ikitoa moshi haijakauka. Ikishawaka haitoi moshi, na hapo ndipo hatari ilipo: gesi yake haina harufu na inaua waliolala. Jiko lisilale chumbani, hata likionekana limezima.

Vipande vya kitenge vimejaa nyumba. Naweza kupata kizulia? – Msomaji, Tabora

Unaweza. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 12, vifue kwanza kwa maji ya chumvi kuona kama vinatoa rangi. Gunia la katani lipinde ukingo sentimita 4 na ulishone kabla ya yote, la sivyo litafumuka ukiwa katikati. Toboa kwa msumari butu, pitisha kipande, kitokee tundu la jirani, kifunge fundo moja. Mistari iachane sentimita moja na nusu. Chini shonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana kizulia kwenye sakafu ya saruji iliyong’arishwa huteleza kama ganda la ndizi.

Sabuni yangu ya maji ilikuwa nzito, nikaongeza chumvi iwe nzito zaidi, ikawa maji kabisa! – Kahama

Chumvi huzidisha uzito wa sabuni yenye sles (ile kemikali ya povu ya kutengenezea sabuni ya maji) hadi kufikia kilele, baada ya hapo kila kijiko huiyeyusha. Ulipita kilele. Usimwage. Chota glasi moja, ongeza sles kidogo na maji yasiyo na chumvi, koroga uone; ikirudi kuwa nzito, fanya hivyohivyo kwa ndoo nzima kwa uwiano uleule. Safari ijayo yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, uitie kidogo kidogo, na uache kuongeza pale tu uzito unapokuridhisha.