Kazi ya Mzazi: Mkulima

Fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu niliyoijaza mwaka 2011 ilikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya mzazi, na baba yangu, ambaye maisha yake yote amelima tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora, aliniambia niandike "mfanyabiashara". Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kila msimu alipeleka tumbaku yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, mwaka ule alikuwa amenunua na kuuza magunia machache ya mahindi, na mbele ya mtendaji wa kijiji aliyeshika kalamu na muhuri hakutaka mtoto wake wa kwanza kufika chuo kikuu atambulishwe kwa jembe. Nikaandika. Mkopo ulipotoka nilikuwa nimepangiwa asilimia ndogo kuliko kijana mmoja niliyesoma naye kidato cha sita, ambaye kwao walikuwa na nyumba mbili za kupangisha, lakini pia walikuwa na mjomba aliyejua fomu ile husomwaje na nani huisoma.

Nimeombwa mara kadhaa na vijana wanaojiandaa kwenda chuo niwape ushauri, na kila mara huanza na kisa hicho, kwa sababu wengi hudhani tofauti ya matabaka chuoni ni simu, viatu na kompyuta mpakato. Vitu hivyo vipo na vinauma. Iliyoniumiza zaidi, hata hivyo, ni tofauti isiyoonekana: wenzangu walikuja wakijua mambo ambayo hayafundishwi darasani, na mimi sikujua hata kwamba kuna kitu cha kujua.

Ushauri wa kwanza, basi, unahusu karatasi. Andika ukweli wa kwenu kama ulivyo, hata kama unaona haya. Siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao, na wengi wenu mtajaziwa na kijana wa steshenari mwenye foleni ya watu kumi nyuma yenu. Kaa pembeni yake, soma kila mstari kabla hajatuma, na hakikisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa linalingana herufi kwa herufi na lile la cheti cha kidato cha nne. Nimeona binti yatima akihangaika muhula mzima kwa sababu ya herufi moja. Cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe mapema, na kila kitu kitolewe nakala. Mkopo ukitoka mdogo au usipotoka, dirisha la rufaa hufunguliwa. Mimi sikukata rufaa. Nilidhani kukata rufaa ni kumshtaki mtu.

Sasa fedha yenyewe. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi, yaani bumu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa hesabu ya makaratasi wanafunzi wawili wanaoipokea yote wako sawa. Lakini bumu la mmoja linaliwa na mtu mmoja, na la mwingine linaliwa na nyumba nzima. Bumu langu la kwanza liligawanyika kabla sijalisaini: ada ya mdogo wangu wa kike katika shule ya kata, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka pamoja na michango isiyokwisha, kisha sehemu ya deni la mbolea la baba, kisha nauli ya shangazi aliyekuwa akipelekwa hospitali. Kilichobaki hakikutosha kulipia kitanda, kwa hiyo nilibebwa, kama tunavyosema chuoni, na rafiki aliyekuwa na chumba. Tukalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu kwa karibu mwaka mzima. Usiku wa mitihani mmoja wetu alisoma kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya saruji vya nje, hadi alfajiri ili mwingine anyooshe miguu.

Sitakushauri usitume kitu nyumbani. Ushauri huo hutolewa na watu ambao nyumbani kwao hakuna anayesubiri. Ninachokushauri ni kwamba uzungumze na wazazi kabla bumu halijaingia, uwaeleze kuwa ni deni utakalolilipa wewe, na uahidi kiasi kimoja kinachojulikana na tarehe inayojulikana, badala ya kungoja simu ya kila shida. Baba yangu alidhani serikali inanilipa mshahara wa kusoma, na sikuwahi kumsahihisha, kwa kuwa nilipenda jinsi alivyolisema jambo hilo mbele ya majirani. Nilipoanza kazi niliona ukubwa wa kosa hilo. Makato ya kurejesha mkopo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi, na sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15. Ni kweli kwamba mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, jambo lililotupa nafuu kubwa. Lakini mwenzangu aliyelipiwa ada na wazazi, tuliyeajiriwa naye mwezi mmoja kwa mshahara uleule, alikuwa tayari amenunua kiwanja wakati mimi ningali nalipia chakula nilichokula nikiwa na miaka 22.

Kuna tukio moja ambalo nisingelishuhudia kwa macho yangu nisingeliamini. Mwishoni mwa muhula wa kwanza matokeo ya somo moja yalibandikwa ubaoni, na mimi pamoja na yule rafiki aliyenibeba tulikuwa tumefeli. Tulishangaa wote wawili, maana tulisoma pamoja na tulitoka kwenye mtihani tukicheka. Mimi nilirudi chumbani kujiandaa kwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Yeye, aliyesoma shule ya binafsi Dar es Salaam na ambaye mama yake alikuwa ofisa katika wizara, alipiga pasi shati, akaenda ofisini kwa mhadhiri na kuomba kwa adabu aonyeshwe karatasi yake. Ukurasa mmoja wa majibu haukuwa umejumlishwa. Alama zake zikarekebishwa siku ileile, na mhadhiri akamwomba radhi. Aliporudi alinisihi niende nami, akaniambia hata maneno ya kusema. Sikwenda. Sijui hadi leo kama karatasi yangu nayo ilikuwa na kasoro. Ninachojua ni kwamba nilifanya sapu, nikafaulu, na alama ya chini ya sapu ikabaki katika wastani wangu hadi siku ya mahafali.

Nimejiuliza sana kwa nini miguu ilikataa. Mahali nilipokulia mwalimu aliulizwa swali mara moja tu, na aliyeuliza alikumbuka fimbo kuliko jibu. Mtu wa ofisini tulimwendea tukiwa tumevua kofia, tena kwa kuitwa. Kwa rafiki yangu ofisi ilikuwa mahali ambapo mama yake hunywa chai. Hakuwa jasiri kuliko mimi, na wala hakuwa na kiburi. Alikuwa amezoea tu. Kwa hiyo naomba usikubali mtu akuambie kwamba huna kujiamini, kana kwamba ni kasoro ya tabia. Chukulia kuingia ofisini kama somo ambalo wenzako walilianza wakiwa na miaka mitano. Nenda wiki ya kwanza, kabla hujawa na shida, ukiwa na swali dogo kuhusu mhadhara. Uliza saa za kuonana na wanafunzi, kwa maana zipo. Mara ya tatu magoti hayatetemeki sana.

Kiingereza nacho ni mlango wa aina hiyohiyo. Sisi wa shule za kata, zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukakariri sekondari kwa lugha ambayo hata mwalimu aliikwepa. Mdogo wangu, yule niliyemlipia ada, alikuwa miongoni mwa watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2012, mwaka ambao zaidi ya nusu yao walipata daraja sifuri, yaani walifeli, katika matokeo ya kwanza kabla hayajapitiwa upya. Katika kazi za kikundi mimi niliandika hesabu zote, na kijana wa Inglishi midiamu alisimama kuwasilisha. Swali likaja, akanigeukia, nikamnong'oneza jibu, akapongezwa. Omba kuwasilisha hata dakika mbili, kwa Kiingereza chako kilichovunjika. Watacheka kidogo mwanzoni.

Kwa nafasi za mafunzo kwa vitendo sina ushauri wa maana, kwa kuwa huko kujuana ndiko kunakoamua. Andika barua nyingi na uzipeleke mapema kwa mkono.

Nchi hii iliwahi kulishughulikia suala hili kwa ukali. Azimio la Musoma la mwaka 1974, la chama tawala cha wakati huo, TANU, liliagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili msomi asijitenge na waliomsomesha. Mwalimu Nyerere alikuwa amewafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia kijijini wakati wa njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine. Mfano huo huwa unanisumbua, kwa sababu chuoni nilikutana na wanafunzi ambao hawakuwahi kujua wanakula chakula cha nani, na wengine, kama mimi, ambao hatukuweza kumeza tonge bila kuona sura za waliobaki na njaa.

Ninyi mliokulia nyumba zenye ofisa ndani, sina la kuwalaumu. Nami sasa niko huko. Binti yangu mwenye miaka tisa anasoma shule yenye basi la njano, na mwezi uliopita alimpelekea mwalimu daftari kumwonyesha kwamba alikosea kusahihisha, kisha akasahau hata kunisimulia. Nilisikia kwa mwalimu. Nilifurahi, halafu nikakosa usingizi. Ninachowaomba ni kile alichokifanya rafiki yangu: mkitoka ofisini na jibu, rudini chumbani mkamwambie mwenzenu, na safari ya pili mwende naye hadi mlangoni.

Mwaka huu mtoto wa kaka yangu anaomba mkopo. Alinipigia akiwa steshenari, Urambo mjini, huku nyuma watu wakimhimiza amalize.

"Baba mdogo, shikamoo. Hapa kwenye kazi ya mzazi niandike nini?"

Nikamwambia aandike mkulima.

Akanyamaza kidogo. "Baba anasema niweke mfanyabiashara."

Nikamwomba ampe kaka simu.