Maswali yenu: puto la kufungua vali ya moyo iliyobana

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kutoka Faza hadi Mambrui, zinauliza jambo moja: vali ya moyo iliyobana na namna ya kuipanua kwa puto bila kupasua kifua. Tunazijibu pamoja, maana jibu la mmoja litamfaa mwingine. Tusiposema vinginevyo, tunazungumzia vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo.

Binti yangu ana miaka 24. Akipanda ngazi za nyumbani hutua mara mbili akitweta. Wamempiga picha ya moyo wakasema mlango umebana, anahitaji puto. Atapasuliwa? Na hilo puto litabaki ndani? (Mama, Langoni, Lamu)

Hapasuliwi kifua, mama, wala puto halibaki ndani. Vali hiyo ni kama mlango wa mbao mbili. Mtoto akiugua koo kwa bakteria wa streptokoka asitibiwe, anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikijirudia huzigandisha mbao hizo pembeni, pale zinapokutana. Tundu la kawaida lina sentimita za mraba 4 hadi 6. Likifika 1.5 au chini ya hapo, vali imebana sana. Damu hukosa njia, husukumana kurudi mapafuni, ndipo binti anapotweta ngazini.

Kazi hufanyika kwenye maabara ya moyo, chini ya mashine ya eksirei na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kwa saa moja au mbili hivi. Mgonjwa hupigwa ganzi kinenani upande wa kulia, mara nyingi akiwa macho. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka mguuni, ukapanda hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo. Hapo sindano ndefu hutoboa ukuta mwembamba unaokitenga chumba hicho na cha kushoto. Hatua hii ndiyo inayotaka mkono uliozoea kuliko zote: sindano ikienda kombo yaweza kutoboa ukuta wa nje, damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Ikishapita salama, mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande kwenye vifaa.

Puto linalojulikana zaidi ni la Kanji Inoue, daktari mpasuaji wa Japani aliyelitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Uzuri wake ni jinsi linavyofura. Hujazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei. Kwanza hufura nusu ya mbele, iliyokwisha kuvuka vali. Daktari hulivuta nyuma mpaka likwame mlangoni, kisha ikafura nusu ya nyuma, likawa limeibana vali pande zote mbili. Mwisho kiuno chake hufunguka na kuachanisha mbao pale zilipogandana. Yote hayo ni sekunde chache, kwa kuwa wakati huo mlango umezibwa na presha hushuka.

Ukubwa wa puto hukadiriwa kwa kimo: chukua sentimita, gawa kwa 10, ongeza 10. Binti wa sentimita 160 hupata milimita 26. Daktari mwangalifu huanza chini ya hapo na kuongeza milimita moja moja, akitazama eko kila mara. Tundu likipita 1.5, au vali ikianza kuvuja zaidi, huacha. Tamaa ya kupanua kupita kiasi ndiyo huchana ubao wenyewe badala ya kuachanisha mshono, na vali inayovuja sana ghafla inaweza kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ulizeni mapema kama hospitali ina wapasuaji wa moyo walio tayari. Mikononi mwa wazoefu, vifo huwa chini ya mmoja kwa wagonjwa mia.

Mrija ukitolewa, kinena hukandamizwa kwa dakika kadhaa na binti hulala chali kwa saa chache. Mambo yakienda vyema, ataruhusiwa kutoka baada ya siku moja au mbili. Kwa wiki moja asibebe dumu la maji la lita 20 wala kuchuchumaa kwa muda mrefu. Kile kitundu cha ukutani kwa wengi huziba chenyewe baada ya miezi.

Mchango umekamilika, nauli ya Nairobi iko tayari, lakini dada yangu ameambiwa anywe warfarini miezi mitatu kwanza. Si wanamchelewesha? (Kaka, Muyeye, Malindi)

La, ndugu yetu. Warfarini huzuia damu kuganda, na kwayo wanamkinga na kiharusi. Damu inayotuama kwenye chumba cha juu cha kushoto huganda, hasa ndani ya kijifuko chake cha pembeni, na zaidi kama mapigo ya moyo yamevurugika. Mrija ukiligusa bonge hilo, huchomoka likaenda ubongoni. Eko ya kifuani inaweza isilione. Hutakiwa ile inayopitishwa kooni, na itarudiwa mwisho wa miezi hiyo kuhakikisha bonge limeyeyuka.

Miezi hiyo ina kazi yake. Kipimo cha INR, kinachoonyesha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na dawa inywewe saa ile ile kila jioni. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki asiviache, bali ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, maana kula kwa fujo ndiko kunakoyumbisha kipimo. Maumivu atulize kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni aziepuke. Dawa ya miti shamba asiinywe kabla ya kumwambia daktari. Akishauriwa dawa mpya ya kuzuia damu kuganda isiyohitaji vipimo, mkumbuke kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yaliyovurugika ulionyesha kundi la warfarini na jamaa zake lilikuwa na vifo vichache kuliko la rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya.

Pesa za mchango zitunzwe. Takeni hospitali iwaandikie gharama kipengele kwa kipengele, na muulize waziwazi kama puto limo ndani ya bei, kwa kuwa ni kifaa ghali. Kibali cha SHA, bima ya afya ya serikali, nacho kiombwe kabla ya safari, si baada ya kulazwa.

Babu yetu ana miaka 78, vali yake ya aota imebana. Naye apelekwe kwa puto? (Wajukuu, Mambrui)

Huo ni ugonjwa mwingine. Vali ya aota, iliyo mlangoni mwa mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa mzee kwa kawaida imekazwa na chokaa, si kugandana pembeni. Puto huipa nafuu ya miezi, kisha hubana tena. Hutumika kumvusha mgonjwa hadi vali mpya iwekwe, kwa upasuaji au kwa mrija. Ulizeni habari ya kubadilisha vali.

Hata kwenye mitrali chokaa ndiyo huamua. Madaktari huipa vali alama 1 hadi 4 kwa mambo manne: jinsi inavyocheza, unene wake, chokaa, na hali ya kamba zinazoishikilia. Jumla ya 8 au chini huashiria puto litafanya kazi vizuri. Kadiri inavyozidi hapo, au vali ikiwa tayari inavuja kwa kiasi kikubwa, upasuaji ndio salama zaidi.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Hawezi kulala bila mito mitatu. Mkunga asema ni uzito wa mimba. (Mume, Faza)

Bwana, msisubiri kliniki ijayo. Mimba huongeza damu mwilini karibu kwa nusu na kuharakisha mapigo. Vali iliyobana huhitaji muda ili damu ipite, na moyo unapokwenda mbio muda huo hupungua. Ndiyo sababu wanawake wengi hujua wana ugonjwa huu wakiwa wajawazito. Kushindwa kulala chali, kushtuka usiku akikosa pumzi, au kukohoa makohozi yenye damu si uchovu wa mimba. Apigwe eko.

Vali ikithibitika kubana, huanza kwa mapumziko, chumvi kidogo (ng'onda na achari viwekwe kando), dawa ya kupunguza maji na ya kutuliza mapigo. Akiendelea kutweta licha ya dawa, puto laweza kufanywa, hasa baada ya wiki ya 20. Tumbo hukingwa na miale haielekezwi huko, hivyo kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo. Kama yuko kwenye warfarini, aseme leo leo, kwa sababu wiki ya 6 hadi 12 ndizo mbaya zaidi kwa viungo vya mtoto, lakini asiiache kwa uamuzi wake, abadilishiwe na daktari.

Saa ya hatari kuu ni uchungu na mara tu baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi unapojikaza na kurudisha damu nyingi moyoni kwa mkupuo. Kwa hiyo asijifungulie kisiwani. Wiki kadhaa kabla ya tarehe awe Mombasa, karibu na hospitali yenye daktari wa moyo. Akizidiwa usiku, mkalisheni wima miguu ikining'inia, na tafuteni boti ya kwenda Lamu au Mokowe hapo hapo, msingoje alfajiri.

Nilifanyiwa puto mwaka jana, sasa navua kama zamani. Sindano ya kila mwezi naweza kuiacha? Inauma sana. (Mvuvi, Shela, Lamu)

Usiiache. Puto limeachanisha palipogandana, lakini halina uwezo juu ya homa iliyogandisha. Koo moja la streptokoka laweza kuirudisha, na kila shambulio huharibu vali zaidi. Benzathini penisilini yuniti milioni 1.2 kila wiki 4, pengine 3, huendelezwa kwa aliyeumia vali sana angalau miaka 10 au hadi afike 40, lolote litakalochelewa.

Maumivu yana dawa. Muombe muuguzi aiache sindano ipate joto la kawaida, aisukume polepole kwa dakika mbili au tatu, na kama kituo kinaruhusu achanganye na lidokeini, dawa ya ganzi. Ukiwa kwenye warfarini, INR ipimwe kwanza na pakandamizwe dakika kumi. Chomwa ukiwa umelala na baki kituoni dakika 30. Ambaye vali yake bado imebana sana amuulize daktari juu ya vidonge, penisilini V miligramu 250 mara mbili kwa siku, maana moyo uliochoka unaweza kuzimia kwa sindano.

Eko kila mwaka. Vali inaweza kubana tena baada ya miaka, na wapo wanaofaa kupuliziwa puto mara ya pili. Miraa iache, huharakisha mapigo.

Naenda kwa puto wiki ijayo na nina piko mikononi. Kuna ubaya? (Dada, Barani, Malindi)

Mikono haina neno. Vidole vitavishwa kipimo cha oksijeni kinachosoma kwa mwanga kupitia kucha, na piko nyeusi au rangi ya kucha yaweza kukizuia. Acha kucha mbili tatu bila kitu, na siku ukifika mwambie muuguzi ni zipi.